Mlioacha kuamini, au mnaosali huku mna mashaka: ilianzaje na nyumbani mnaishije? Tupeane uzoefu

Sale la Mjini (mleta uzi)
Wakuu heshima kwenu. Huu sio uzi wa kubishana Mungu yupo au hayupo, hizo mada zipo tele na mpaka leo hakuna aliyeshinda. Nataka tuongee maisha, yani wewe ambaye imani imekutoka, au haijatoka yote lakini ukikaa kwenye ibada unajiona mgeni, ilianzia wapi na nyumbani unaishi nao vipi. Waumini karibuni ila msije na "tubuni", hilo tumeshalisikia.

Naanza mimi. Nimekulia uchagani, familia ya Kilutheri haswa, babu mzee wa kanisa, mama kwaya ya akina mama. Kipaimara nimesoma vizuri tu, Katekisimu Ndogo ipo kichwani mpaka leo, niamshe usiku wa manane niulize "Maana yake nini?" nakumwagia jibu lote. Sasa siku moja darasani nikamuuliza mwinjilisti, wale wazee wetu waliokufa kabla wamisionari wa Leipzig hawajafika huku mwaka 1893, wao wako wapi saa hizi? Akasema hukumu tumwachie Mungu. Sio jibu baya, niliridhika kabisa. Ila Desemba ikafika, ukoo wote umepanda mlimani, na hao hao wazee wa kanisa baada ya ibada ya Krismasi nikawaona wameingia nyuma kwenye kihamba, shamba letu la migomba la ukoo, mbuzi kachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inamwagwa chini kidogo kidogo, majina ya marehemu yanatajwa mmoja mmoja na mzee kashika jani la sale, ule mmea wetu wa mila. Kwahiyo kanisani hatujui waliko, migombani tunawakaribisha kula. Watu wanasema sisi tumeharibiwa na vitabu vya wazungu, mi sijasoma hata kimoja, mimi nilianza kuuliza maswali kwa sababu ya yule mbuzi.

Leo nipo Dar, kanisani naenda nikiwa likizo tu. Bahasha ya ahadi mama ndo ananilipia, anaijua namba yangu, anaweka elfu kumi kumi kwa jina langu. Nikamwambia mama achana nayo. Akaniangalia akasema "sawa usiamini, lakini ukifa mimi nitakupeleka wapi?" Mpaka leo sina cha kumjibu.

Kobe wa Tanga
Jina langu hapo juu mnalielewa, kobe ni yule anayekula kwa siri mchana wa Ramadhani 😂 Mwezi wa Ramadhani mi naamka daku, napika, nafuturu na wenzangu, watu wananisifia kwa uji wa pilipili manga, na mchana nakunywa maji chooni ofisini. Kikombe nakiosha, nakikausha na tishu, narudisha kwenye droo. Lipstiki sipaki mwezi mzima maana ikifutika mdomoni watauliza.

Mi mtoto wa kike, nimehitimu msahafu mdogo sana, nilikuwa nasoma kwa sauti nzuri mpaka naitwa kwenye maulidi. Shida ilianza nilipoanza kusoma tafsiri, kwa sababu madrasa tulisoma herufi na tajwidi, yani kanuni za kutamka, maana yake hatukufundishwa. Lakini sitadanganya, hata tafsiri sio iliyonitoa. Iliyonitoa ni mirathi. Baba kaugua muda mrefu, mimi ndo nilikuwa namgeuza kitandani, namuogesha, kaka zangu wawili mmoja Muscat mmoja hajulikani alipo, wa Muscat anapiga simu Ijumaa. Baba alipofariki shekhe akakaa sebuleni na kikokotoo, fungu la mwanamume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili, ndivyo ilivyoandikwa na mimi aya naijua kwa kichwa, niliwahi hata kuisoma mbele za watu. Nikasaini. Hakuna aliyenidhulumu, kila mtu alifuata sheria sawasawa, na hicho ndo kilichoniuma, kwamba hakukuwa na mkosaji wa kumlalamikia.

Ukiniuliza Mungu yupo nitakwambia sijui, na kiukweli siku hizi sijiulizi sana. Buibui navaa. Swala naswali nikiwa na mama pembeni, nainama nainuka. Kumwambia haiwezekani, kwetu mtu akiritadi sio yeye tu, ni mama yake kwenye kila shughuli anaangaliwa. Ndoa pia, nani ataoa?

Mpita njia
Kobe unatuangusha chama, mimi nilikuwa nakula chipsi ndani ya gari na hamna mtu alijua 😂😂 Ila ukija Zanzibar usijaribu, huku ukila hadharani mchana wa Ramadhani unaweza kulala kituoni.

Mwalimu wa Mantiki
Nimekaa seminari, ndogo na kubwa, nikatoka nikiwa namalizia falsafa. Watu wanadhani mseminari anatoka kwa ajili ya mwanamke, mimi nilitoka kwa ajili ya Tomaso wa Akwino, yule mwanateolojia wa zamani wa Kanisa, ambaye sina ubaya naye, ni fundi. Zile Njia Tano zake za kuonyesha Mungu yupo nilizipenda, kila kinachosogea kimesogezwa na kingine, huwezi kurudi nyuma bila mwisho, lazima kuwe na wa kwanza. Nikawa nazifundisha wenzangu jioni. Siku moja katikati ya kufundisha nikagundua kwamba hata zikisimama zote tano, haya nimefika kwa huyo Msogezaji wa kwanza, lakini kutoka kwake mpaka kwa Mungu anayesikiliza sala ya bibi yangu ni safari nyingine kabisa na pale sikuona daraja. Gombera, mkuu wa seminari, alinielewa, alinisindikiza vizuri, wala sina kinyongo.

Sasa mleta uzi umegusa penyewe, kuzikwa. Kwetu huku Wakatoliki mambo yote yako jumuiya ndogondogo. Kuna daftari. Kila wiki mnasali nyumba ya mtu, katibu anaandika nani kaja, nani katoa. Ukifiwa, kabla padre hajapangiwa, mwenyekiti wa jumuiya anaulizwa huyu anasali? Daftari linafunguliwa. Nimeona jirani yangu kazikwa na katekista haraka haraka, hakuna misa, watoto wake wanasikia watu wananong'ona makaburini. Kwahiyo mimi asiyeamini naenda jumuiya, nasoma somo la kwanza, tena wananipenda kwa kusoma vizuri. Mwaka jana wakataka kunifanya katibu nikakataa, nikaona hapo sasa nitakuwa nimezidi.

Na niseme ukweli mwingine ambao wasioamini wenzangu huwa hawapendi. Mke wangu alipolazwa, walioleta uji hospitali, waliokaa zamu za usiku, ni jumuiya. Sisi wa hoja hatukuwa hata na kikundi cha kuleta chapati.

Wa Magharibi KE
Huku Kenya ni vile vile tu, tofauti ni kwamba sisi tunahesabiwa. Nyinyi Tanzania dini ilitolewa kwa sensa baada ya 1967, sisi tunaulizwa. 2019 karani alikuja boma letu usiku, nikiwa nimejipanga kabisa kusema sina dini, mama akamjibu kwa niaba ya nyumba nzima "andika sisi wote Wakristo" na akamwekea chai. Matokeo yakatoka, wasio na dini 755,750. Mimi simo.

Hata kuna chama cha wasioamini, kiliandikishwa rasmi Februari 2016, makanisa yakapiga kelele, haikupita miezi mingi msajili akakisimamisha, ikabidi waende korti kuu ndio wakarudishwa 2018. Halafu 2021 katibu wao akajiuzulu akasema amempata Yesu 😂 dadangu, yeye pekee ndiye anajua mambo yangu, mpaka leo akinikasirikia ananitumia hiyo habari bila maneno.

Kwangu mimi ilikuwa pole pole lakini Shakahola ndio ilimaliza. 2023, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa kwa ule msitu, watu wamefunga hadi kufa, na watoto. Jumapili iliyofuata nikaenda kanisani nikitaka kusikia pasta wetu atasema nini. Alisema yule mhubiri wa Shakahola ni wa uongo, sawa, watu amina. Halafu dakika chache mbele akatangaza mfungo wa kanisa letu na atakayevunja asilaumu mtu baraka zikichelewa. Nikaangalia kulia na kushoto nione kama kuna mwingine amesikia nilichosikia. Watu walikuwa wanaandika tarehe.

Neema Tele
Nasoma kimya kimya toka asubuhi, niruhusuni niseme kidogo, sihubiri. Mimi ni mlokole. Hizi stori zenu zote zinahusu watu. Mbuzi wa wazee, shekhe na kikokotoo, daftari, pasta. Hamna hata mmoja aliyesema niliomba hivi Mungu akanyamaza. Mnakimbia watu mnasingizia Mungu.

Sale la Mjini (mleta uzi)
Neema Tele umesema vizuri na hujatutukana, asante. Ila na wewe jiulize, hao watu ndo walionifundisha huyo Mungu, sikumpata kwingine. Nikiwatoa wao wote nabaki na nini mkononi?

Neema Tele
Unabaki na wewe na Yeye. Ndo inapoanzia kaka.

Kobe wa Tanga
Dada Neema, mi niliomba baba apone. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuonewa huruma.

Besi ya Pili
Mimi naja kinyume chenu. Niliacha kabisa nikiwa chuo, nilikuwa mbishi, nawasumbua watu wa fellowship kwenye korido mpaka wananikwepa. Nikakaa nje miaka mingi na nilikuwa na amani tu, msidhani nilikuwa nahangaika. Kilichonirudisha ni kwaya. Nilienda msiba wa rafiki, kwaya yao besi walikuwa wawili tu na mmoja mgonjwa, nikajikuta naidaka sauti. Mwalimu wa kwaya akanifuata akaniambia mazoezi Jumanne na Alhamisi. Hakuniuliza kama nimeokoka. Hoja zangu bado ninazo zote, sijajibiwa hata moja, kuhusu mateso, kuhusu moto wa milele, bado naona haziingii akilini. Lakini tukianza kuimba sauti nne zikakaa sawa, mimi pale siwezi kuapa kwamba hakuna kitu. Sijui mnaniweka kundi gani.

Mpita njia
Kundi la besi.

Binti Asiye na Upande
Wakuu msaada wa haraka. Mimi nimelelewa Uislamu, mchumba wangu Mkatoliki wa jina, wote hatuamini ila familia zinaamini kwelikweli na kila upande unataka mmoja abadili. Hatutaki kudanganya mtu. Bomani inakuwaje, inatambulika au ni ndoa ya mkataba kama shangazi anavyosema?

Mwalimu wa Mantiki
Shangazi anakutisha. Sisi tulifunga bomani kwanza kabla ya mengine yote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua sawa na ya msikitini au kanisani, na dini tofauti sio kikwazo. Mnaenda ofisi ya mkuu wa wilaya, mnajaza fomu ya kusudio, tangazo linabandikwa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na jiandaeni, shangazi anaweza kwenda kusoma ubaoni. Kwenye fomu mtaulizwa kama ni ndoa ya mke mmoja au wake wengi, msiruke hapo, wengine wanaruka. Siku yenyewe mnahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Kuhusu wazee, wetu tuliwaachia sherehe, padre akaja akaombea chakula, babu upande wa mke naye akaomba lake, watu wakala. Nendeni mapema asubuhi, mchana foleni ya mashamba ndo inajaa pale.