Bunduki nne za upepo za marehemu baba: ipi nibaki nayo?

Mtoto wa Mapipa

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wanaozijua bunduki za upepo, maana hapa nyumbani Magomeni jambo hili limeshaleta maneno.

Marehemu baba aliacha nne. Tangu tumzike zimelala juu ya kabati la mama, zimeviringishwa kanga na gunia. Mama sasa anataka kabati lake. Dada yangu, ambaye hajawahi hata kuzishika, anasema tuuze zote tugawane. Mwanawe, mpwa wangu wa miaka 14, anataka moja, yoyote ile. Mimi ndiye mkubwa wa kiume, kwa hiyo lawama zote zimekuja kwangu.

Ya kwanza ni nzito, mbao yake safi, inatumia risasi za milimita 5.5, imeandikwa "Original Mod. 27". Nilimwonyesha picha kijana mmoja wa Kariakoo anayenunua vitu vya zamani, akacheka. "Braza, kitu orijino hakijiandiki orijino." Akanitajia bei ya kuku wawili. Ya pili ni BSA Meteor ya 4.5, kutu imeanza kula mtutu na springi inalia kama bawaba za mlango wa choo. Ya tatu ni Slavia 618, fupi, ndiyo niliyofundishiwa kulenga. Ya nne ni ya Kichina, ina wenzo chini ya mtutu. Ukiivuta, siku nyingine inashika, siku nyingine haishiki.

Kinachonisumbua ni hiyo Meteor. Sikukuu za Idi baba alikuwa anafungua kibanda cha shabaha pale Mnazi Mmoja. Vizibo vya soda vimepangwa juu ya ubao, nyuma yake magunia ya mchanga. Ukiangusha vitatu mfululizo unapewa soda. Kazi yangu ilikuwa kuokota vizibo. Meteor alikuwa anapewa kijana aliyekuja na mchumba, aliyechomekea shati, anayeongea sana. Ukilenga kizibo cha tatu, kinaanguka cha pili. Nilijua hivyo tangu nina miaka minane, na nilikatazwa kusema. Baba hakukiri mpaka anaingia kaburini. Kila mara alisema "huyo mkono unamtetemeka".

Haina thamani, mjusi hauawi nayo, na ndiyo pekee nisiyotaka itoke nyumbani. Niuze ile nzuri nibaki na hii kimeo, au nimeingiwa na ujinga?

FundiGerezani

Mkuu, huyo wa Kariakoo usimpe hata picha nyingine. Hiyo "Original" ni Diana halisi ya Ujerumani, kiwanda cha Mayer & Grammelspacher, mji wa Rastatt. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jina la Diana na mitambo vilichukuliwa kama fidia ya vita, vikaenda Scotland kwa kampuni ya Milbro. Wajerumani walipoanza tena kutengeneza wakajikuta hawawezi kuuza Uingereza kwa jina lao wenyewe, ndipo wakaandika "Original". Jina walilipata tena miaka ya 1980. Tazama ubavuni mwa silinda, kwa nyuma: mara nyingi utakuta tarakimu ndogo za mwezi na mwaka iliyotengenezwa.

Halafu zitoe kwenye kanga leo hii, si kesho. Kitambaa kinashika unyevu, na kwa hewa hii yetu ya bahari unazioka kwa kutu. Kama hiyo 27 imelegea nguvu usikimbilie kubadilisha springi. Pistoni yake ina washa ya ngozi, na ngozi ikikauka haikamati upepo. Tia matone mawili ya mafuta kwenye tundu la upepo, isimamishe kwa kitako usiku mzima. Mawili tu! Hewa ikibanwa inapata moto, mafuta yakizidi yanawaka humo ndani, utasikia mlio majirani watoke nje.

Ya Kichina usimpe mtu. Kama ni ile unayoingiza risasi kwa kidole huku silinda imerudi nyuma, siku wenzo ukiponyoka kidole kinabaki ndani.

Na kuhusu Meteor, kabla hujamhukumu mzee, shika mtutu uutikise kushoto na kulia ukiwa umefungwa. Boliti ya pale unapokunja mtutu kuikoki ikilegea, risasi zinakwenda pembeni zenyewe. Huenda marehemu alikuwa anasema kweli.

Bi Mkubwa wa Tabata

Mwanangu, pole kwa msiba. Lakini mbona mnaongea kama mnauziana pikipiki? Hakuna aliyeuliza karatasi. Kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991. Usijiambie kwamba za upepo hazihesabiki. Acha polisi wakuambie. Leseni hupewa mtu, haipewi nyumba. Tafuta kama baba alikuwa nayo, chukua na cheti cha kifo, nenda kituoni ueleze kwamba zipo nne. Nenda mikono mitupu kwanza! Ukipanda daladala na bunduki ndani ya kanga utasimamisha abiria wote.

Mpaka hapo usiuze, usigawe. Mpwa wako naye anunuliwe mpira.

Mzee wa Ilala

Kijana, kama ni kile kibanda chenye turubai la bluu, karibu na pembea, basi baba yako Mungu amrehemu, lakini ana deni langu la soda. Niliangusha viwili, cha tatu kikagoma, na niliyekuwa naye siku ile alicheka hadi leo ananicheka. Ndiye mke wangu.

Mtoto wa Mapipa

Shukrani wakuu. Bi Mkubwa, mama amekuta kitabu cha leseni ndani ya bahasha moja na kadi ya baba ya TANU. Kesho asubuhi naenda kituoni na karatasi tu. Ya Kichina nitawaomba waichukue moja kwa moja. Slavia na Original zinasubiri watakachosema, na dada nimemweleza habari za Wajerumani, sasa naye hataki iuzwe.

Fundi, Meteor nimeitikisa. Mtutu hauchezi hata kidogo. Ila skrubu ya shabaha ya nyuma, kile kidude cha kulengea, imezungushwa upande mmoja mpaka mwisho, halafu ikapakwa rangi ya kucha nyekundu isirudi. Nimemwonyesha mama. Ameitazama, akaniambia niirudishe juu ya kabati.

Mzee wa Ilala, turubai letu lilikuwa la kijani. Hilo deni si letu.