Maji yanayopenya kwenye udongo wa mlima yanaweza kutuonyesha maporomoko mapema?

kilima_leo:
Wadau habari zenu, naomba mnieleweshe. Kila yakitokea maporomoko ya ardhi tunaambiwa ni mvua kubwa basi, lakini mbona mvua kali zinapita mlima unabaki pale pale, halafu siku mvua imeshakatika kabisa ndo mteremko unashuka? Mtu akipima maji yanavyopenya anaweza kujua mapema au ni kubahatisha tu?

mtu_wa_udongo:
Swali zuri mkuu. Kinachoangusha mteremko sio uzito wa maji peke yake, ni presha ya maji yaliyojaa katikati ya chembe za udongo. Chembe zinashikana kwa sababu zinakandamizana, sasa maji yakijaa kwenye vile vitundu yanazisukuma, msuguano unapungua na udongo wa juu unaanza kuteleza. Karl Terzaghi, mhandisi wa mambo ya udongo, alieleza hilo tangu miaka ya 1920 na hesabu za leo bado zinaanzia hapo. Kuhusu mvua iliyokatika, maji yanahitaji muda kushuka, kwenye kichanga yanapita chap, kwenye mfinyanzi yanajivuta siku hadi wiki, yakikuta tabaka gumu yanatuama na presha inapanda huko chini wakati juu jua linawaka.

pizomita:
Naongezea. Mwendo wa maji ardhini tunaupigia hesabu kwa kanuni ya mhandisi Mfaransa Darcy ya 1856, tabu ni kwamba lazima ujue udongo wako unapitisha maji kiasi gani, na kwenye mteremko huo huo unaweza kukuta sehemu moja inapitisha mara mia ya nyingine, mizizi iliyooza, mashimo ya panya, nyufa, maji yote yanakimbilia humo!! Kwahiyo msitegemee kompyuta tu, weka pizomita (kifaa cha kupima presha ya maji ardhini) pale udongo unapokutana na mwamba, ukiiweka juu juu itakudanganya.

kilima_leo:
Aisee nimekupata. Na asiye na vifaa je?

mtu_wa_udongo:
Aangalie chemchemi. Iliyokuwa safi ikianza kutoa tope, au mpya ikaibuka chini ya mteremko, au ya zamani ikakauka ghafla wakati mvua bado zipo, ujue njia za maji humo ndani zimebadilika. Akiona na nyufa zimepinda kama mwezi mchanga huko juu asisubiri kupima chochote, watu watoke. Saa kamili hakuna wa kukutajia. Na mvua ikikatika msikimbilie kurudi, maji ya jana yanaweza kuwa bado yako njiani kushuka.