Naomba ushauri: kushusha prednisoloni kwa mtoto mwenye hemanjioendothelioma ya kaposifomu

Wakuu, naomba ushauri. Mtoto wa miezi 3, kilo 5, uvimbe huo adimu wa mishipa ya damu uko pajani. Chembe sahani (za kugandisha damu) ni 12,000 tu kwa mikrolita, na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, iko chini. Anapata prednisoloni (steroidi) miligramu 2 kwa kilo, yaani miligramu 10 kwa siku, pamoja na sirolimusi, dawa ya kuzuia uvimbe kukua. Utafiti wa China wa 2022 ulionyesha kuwa dawa hizi mbili zikiwa pamoja hupandisha chembe sahani vizuri kuliko sirolimusi peke yake. Chembe sahani hatumwongezei asipovuja damu, maana hunaswa ndani ya uvimbe na kuufanya ufure zaidi. Matone ya polio tumesimamisha, kwa kuwa ni chanjo ya virusi hai na dawa hizi hushusha kinga.

Steroidi mnaanza kuishusha wiki ya ngapi, na kwa hatua zipi, ili chembe sahani zisiporomoke tena? Na kotrimoksazoli (antibiotiki) ya kukinga nimonia, mnampa tangu mwanzo?