Kalamu ya wino ya marehemu babu: Parker "51", ni ya lini na ina thamani gani?

Mjukuu_wa_Mzee

Wakuu, salaam. Katika vitu vya marehemu babu mimi nimekabidhiwa kalamu yake ya wino. Mwili ni mweusi, plastiki ngumu. Kifuniko ni cha chuma, rangi ya fedha iliyofifia, na klipu yake ina umbo la mshale. Nibu (ncha ya kuandikia) karibu yote imefichwa, kinachochomoza ni kincha kidogo tu mfano wa mdomo wa ndege. Kwenye kifuniko pameandikwa PARKER "51" na MADE IN U.S.A. Jina la babu limechongwa ubavuni.

Je, hiyo 51 ni mwaka 1951? Mtandaoni kuna mtu anauza kama hii kwa bei ya kutisha. Nafikiria kumpa sonara aing'arishe kwanza, maana kifuniko kimefubaa na wino umekauka ndani.

Kalamudani

Mkuu, kwa sonara usiende kabisa!

Huko "kufubaa" huenda ndiko kulivyotoka kiwandani. Vifuniko vingi vya 51 ni vya chuma kisichoshika kutu, Parker wenyewe wakikiita Lustraloy, na vilisuguliwa makusudi visiwake kama kioo. Sonara akikipitishia brashi yake, ule mng'ao wa asili umekwenda na mnunuzi anayejua ataona mara moja.

Na 51 si mwaka, ni jina la modeli. Kampuni ilianza 1888, kalamu ikakamilika 1939, kampuni ikiwa na miaka 51. Ilianza kuuzwa Marekani 1941 na ikaendelea hadi miaka ya 1970, kwa hiyo jina pekee halikuambii umri. Angalia inavyojazwa wino. Zungusha mwili taratibu, kwa mkono tu, bila koleo. Ukifunguka ukaona kikopo cha chuma chenye kipande cha kubonyeza, hiyo ni aerometriki, iliyoanza 1948. Usipofunguka, angalia mkiani: kama kuna kifuniko kidogo kinachofunika kitufe cha kusukuma, basi ni Vacumatic, ya zamani zaidi. Hiyo usiilazimishe, kiungio chake kimegandishwa kwa gundi na plastiki hupasuka.

Mpita_Njia

Nibu za Parker za zamani ni dhahabu. Iyeyushe, uza, maliza kazi.

Kalamudani

@Mpita_Njia, nibu ni dhahabu ya karati 14 kweli, lakini ni kibomba chembamba tu. Ukiiyeyusha umeua kalamu nzima inayoandika ili upate punje ya dhahabu. Hiyo si biashara.

Mjukuu_wa_Mzee

Imefunguka kirahisi. Ndani kuna kikopo cha chuma chenye maandishi ya Kiingereza, wanasema ubonyeze mara 6. Sasa je, jina la babu linaongeza thamani? Na lile tangazo la bei kubwa?

Kalamudani

Basi ni aerometriki, ya 1948 au baadaye. Nitasema wazi: nyeusi yenye kifuniko cha Lustraloy ndiyo ya kawaida kuliko zote. Zilitengenezwa kwa mamilioni. Zinazopanda bei ni za rangi adimu au zenye kifuniko cha dhahabu tupu. Jina lililochongwa huwa linashusha bei kwa wakusanyaji, isipokuwa liwe la mtu maarufu. Usilifute hata hivyo; kulisugua kunaacha bonde kwenye plastiki, na bonde ni kasoro mbaya kuliko jina.

Lile tangazo lipuuze. Mtu anaweza kuandika bei yoyote. Tafuta zilizokwisha kuuzwa kwenye mnada, modeli hiyohiyo, hali hiyohiyo, uone watu walilipa nini hasa. Na linganisha sawasawa: iliyokwisha kusafishwa na kujaribiwa na fundi huuzwa zaidi ya iliyotoka kabatini na wino mkavu.

Kuisafisha unaweza mwenyewe. Loweka upande wa nibu kwenye maji ya kawaida usiku kucha, halafu bonyeza na kuachia, ukibadilisha maji mpaka yatoke meupe. Maji ya moto hapana, spiriti hapana. Kifuko cha ndani kinachoshika wino si mpira, ni plastiki ya PVC, ndiyo maana vingi vinafanya kazi mpaka leo. Ukibonyeza ndani ya maji na mapovu yakatoka, kizima. Ukitaka kuandikia, tia wino wa kalamu za wino tu. Ule mweusi wa wachoraji hukauka ndani na kuziba.

Mjukuu_wa_Mzee

Mapovu yanatoka! Kaka yangu anadai tuiuze tugawane. Nitaweka picha hapa mnisaidie kukadiria.

Kalamudani

Weka. Piga kwa karibu ukingo wa kifuniko na ile plastiki inayofunika nibu, taa ikimulika kwa ubavu. Nyufa nyembamba hujificha hapo, na ufa mmoja unabadilisha hesabu yote.