Fleti ya watalii Kissimmee: nisaini ama niache?

Kutoka: Dada wa Columbus

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni nesi hapa Columbus, huu ni mwaka wa tisa. Nimejinyima hadi nimefikisha dola 60,000. Sasa kuna fleti ya kondominiamu (jengo ambalo kila fleti ina mmiliki wake) huko Kissimmee, Florida: vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na vyombo vyote vimo ndani. Bei ni 240,000, na kufika Disney ni mwendo mfupi wa gari. Dalali anasema itajilipa yenyewe, yaani wageni walipe mkopo, nami niwe naenda na watoto Desemba. Amenipa hadi Ijumaa. Mama yangu kule Kisii anasema ninunue shamba. Kuna mtu humu aliye na nyumba ya aina hii? Niambieni ukweli hata ukiwa mchungu.

Kutoka: Kaka wa Tampa

Dada yangu, pole na kazi. Mimi na mdogo wangu tunayo moja, kando ya barabara ya 192, tangu 2019. Tuliuza malori mawili tukanunua bila mkopo. Kwanza kabisa: usisaini Ijumaa.

Nimefungua daftari la mwaka jana, nakuandikia lilivyo. Tulipata usiku 205 wenye wageni, wastani wa dola 125, jumla 25,625. Sasa angalia zilivyotoka. Ada ya jumuiya ya wamiliki, 520 kila mwezi, ni 6,240. Wakala anayepokea wageni anachukua asilimia 20, yaani 5,125. Kodi ya mali 3,900. Umeme, maji na intaneti 2,700. Bima ya ndani 1,100. Matengenezo na vitu vilivyovunjika 2,400. Tulichobaki nacho ni 4,160, mwaka mzima.

Sasa weka mkopo wako juu yake. Ukitoa 60,000 utakopa 180,000. Kwa riba ya asilimia 7 miaka 30, unalipa karibu 1,200 kila mwezi, zaidi ya 14,000 kwa mwaka. Kwa hesabu kama yangu, kila mwaka utatoa mfukoni kama dola 10,000 za zamu zako za usiku uipe ile fleti. Huko si kujilipa. Muulize dalali akuonyeshe mapato halisi ya miezi 24 iliyopita, yaliyoandikwa, siyo makadirio. Na muulize benki mapema: jengo lenye mapokezi na wageni wa kulala siku mojamoja linahesabiwa kama hoteli, Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, hawanunui mikopo yake, kwa hiyo benki nyingi hukataa au hutaka malipo ya awali makubwa zaidi.

Kodi ya wageni ni jambo jingine. Kaunti ya Osceola, ambamo Kissimmee imo, mgeni analipa asilimia 13.5 juu ya bei: 7.5 ya mauzo na 6 ya utalii. Hizo si zako, unazishika tu. Hakikisha kwa maandishi nani anaipelekea kaunti sehemu yake, wewe, wakala au mtandao unaoleta wageni. Leseni ya jimbo nayo unaihitaji ukikodisha zaidi ya mara tatu kwa mwaka kwa siku pungufu ya 30.

Lakini kilichonifanya niandike kirefu ni hiyo ghorofa ya tatu. Tarehe 24 Juni 2021, jengo la Champlain Towers South kule Surfside, karibu na Miami, liliporomoka usiku watu wamelala. Walikufa 98. Wamiliki walikuwa wamevutana miaka juu ya gharama za kulikarabati. Mwaka uliofuata Florida ikatunga sheria: kondominiamu za ghorofa tatu kwenda juu zikaguliwe na wahandisi zikifika miaka 30, na jumuiya ziweke akiba ya kweli ya paa, nguzo na mengineyo. Zamani wamiliki waliweza kupiga kura wasichange akiba hiyo. Sasa kwa kawaida hawawezi. Sheria ni nzuri, imelinda roho za watu. Ila jumuiya zilizolala miaka 20 bila akiba zinawaamkia wamiliki wa leo na bili, na ukinunua leo, mmiliki ni wewe.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia picha za bwawa, omba karatasi za jumuiya: bajeti, ripoti ya akiba, ripoti ya ukaguzi, na kumbukumbu za vikao vya miaka miwili. Soma kumbukumbu zote, neno kwa neno. Humo ndimo watu wanamolalamika kuhusu paa linalovuja. Humo pia utaona kama kuna kundi linalotaka kuzuia wageni wa muda mfupi.

Tena kukaa mbali na nyumba ni kazi. Agosti 2022, saa nane usiku, jirani wa chini anapiga simu: maji yanadondoka kupitia taa ya jikoni kwake. Kiyoyozi chetu kina mrija mweupe wa plastiki wa kutolea maji. Kwa joto na unyevu wa Florida, ndani yake ulikuwa umeota utando wa kijani, mzito kama mlenda, ukaziba. Dari ya jirani tuliilipa wenyewe kwa sababu gharama haikufikia kiwango ambacho bima inaanza kulipa. Siku hizi mama anayetufanyia usafi anamimina kikombe cha siki kwenye mrija ule kila mwezi. Huyo mama ndiye biashara yenyewe. Mgeni anatoka saa nne asubuhi, mwingine anaingia saa kumi jioni, na katikati yupo yeye peke yake. Kila kitanda tumekiwekea seti tatu za mashuka: moja kitandani, moja kwenye mashine, moja kabatini. Mlipe vizuri, na umlipe siku ileile.

Kutoka: Mama wa Minneapolis

Mwanangu wa Columbus, naongeza la Desemba. Ukikaa humo wewe na watoto zaidi ya siku 14 kwa mwaka, au zaidi ya asilimia 10 ya siku ulizokodisha, ile iliyo kubwa, huruhusiwi tena kutumia hasara ya nyumba kupunguza kodi yako. Na siku ambazo ndugu analala bure au kwa bei ya kindugu zinahesabiwa kwamba umekaa wewe. Sisi na watu wetu unatujua: ukishasema una nyumba karibu na Disney, simu zitaanza Juni. Tafuta mhasibu aliyezoea nyumba za wageni wa muda mfupi, maana zina kanuni zake tofauti na nyumba ya kupangisha kwa mwaka.

Kutoka: Dada wa Columbus

Shikamoo mama. Kaka, asante sana, Mungu akubariki.

Ijumaa ilipita sikusaini. Karatasi walizileta baada ya siku tano, nikazisoma kwenye mapumziko ya zamu. Jengo ni la 1996. Kwenye kikao cha Machi wamepitisha mchango wa lazima wa dola 9,800 kwa kila fleti, paa na ngazi za nje, awamu ya kwanza Septemba. Dalali hakuwa amenitajia. Nilipomuuliza akasema alidhani najua.

Nimejitoa. Pesa bado iko benki. Kaka, ukisikia ya ghorofa mbili inauzwa upande wako, niandikie, lakini anza kunitumia kumbukumbu za vikao kabla ya picha.