Tupeane uzoefu: kutengeneza na kutyuni injini ya mashine ya theluji nyumbani

Mdau, Minneapolis

Salamu wakuu. Msimu wa theluji unagonga hodi, na wengi wetu huku tunanunua mashine za mitumba za kukusanya na kurusha theluji. Nyingi zina injini ya Tecumseh Snow King, hasa HMSK80 ya nguvu farasi 8. Kampuni iliacha kutengeneza injini hizo mwaka 2008 lakini vipuri bado vinapatikana. Nianze na mpangilio wa kutafuta tatizo, maana watu hukimbilia kuzungusha skrubu za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kabla ya kujua kinachoumwa.

Kwanza harufu. Chomoa kipimo cha oili ukinuse. Kikinuka petroli na oili imepanda kupita alama, sindano ya kabureta, ile inayofunga njia ya petroli, inavujisha na petroli imeshuka hadi kwenye krankikesi (tumbo la injini lenye oili). Usiwashe. Mwaga oili yote, tengeneza kabureta, ndipo ujaze oili mpya ya 5W-30.

Pili moto wa plagi. Ya HMSK80 ni Champion RJ19LM, nafasi inchi 0.030, yaani milimita 0.76. Ivue, ibane kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, vuta kamba kwenye giza. Cheche iwe ya buluu na ilie. Ikiwa dhaifu, toa kifuniko cha feni, safisha kutu kwenye sumaku za flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa msasa laini, kisha pima nafasi kati ya koili (inayozalisha umeme wa plagi) na sumaku: inchi 0.0125. Kadi ya biashara ya kawaida inakaribia unene huo.

Tatu, plagi ikitoka kavu baada ya kuvuta mara kadhaa, petroli haifiki. Hapo ndipo unafungua kabureta.

Mdau, Ottawa

Naongezea kwenye kabureta, kwa sababu ndiyo mgonjwa wa kila mwaka. Petroli yenye ethanoli hunyonya unyevu, na ikikaa miezi ya kiangazi inabaki gundi ya rangi ya chai kwenye matundu madogo.

Funga petroli, fungua boliti iliyo chini ya bakuli. Kwenye kabureta nyingi za Tecumseh boliti hiyo ndiyo jeti kuu, yaani inayopima petroli inayoingia. Iangalie kwenye mwanga: ina tundu kubwa, na karibu na nyuzi kuna kitundu kidogo sana kama cha sindano ya kushonea. Hicho kitundu ndicho kinachopeleka petroli kwenye njia ya mzunguko wa chini. Kikiziba, injini inakubali ikiwa imefungwa choki (kibati cha kupunguza hewa) tu, na ukiifungua inapanda na kushuka au inazima. Watu wananunua kabureta nzima kumbe ni hapo. Zibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba, usitumie drili wala waya mgumu, utapanua tundu na injini itakula petroli kupita kiasi.

Endelea ndani. Toa pini ya boya, boya na sindano. Kiti cha sindano ni kipete cha mpira: kitoe kwa waya uliokunjwa ncha, weka kipya huku upande wenye mfereji ukiangalia ndani ya kabureta. Ukikigeuza kitavuja. Toa skrubu za kurekebisha pamoja na mipira yake kabla ya kupuliza dawa ya kusafishia, kisha puliza kila njia hadi uone dawa inatokea upande wa pili. Vaa miwani, inaruka machoni.

Kimo cha boya: geuza kabureta juu chini, laza drili ya inchi 11/64 (milimita 4.4 hivi) kwenye ukingo, upande ulio mkabala na pini. Boya liguse tu. Kama sivyo, kunja kidogo ulimi unaogusa sindano.

Mdau, Edmonton

Wakuu, naona mashine hizi hazina chujio la hewa. Lilipotea au ndivyo zilivyo?

Mdau, Minneapolis

Ndivyo zilivyo, mkuu. Chujio lingeganda kwa unga wa theluji na kuziba pumzi. Badala yake kuna bati linalofunika kabureta na kuielekezea joto la ekzosi. Bati hilo lirudishwe kila mara, bila hilo kabureta inashika barafu. Na kwa sababu hakuna chujio, usiiwashe kiangazi kwenye vumbi.

Mdau, Ottawa

Sasa kutyuni, yaani kurekebisha kiasi cha petroli. Hii ni kwa kabureta zenye skrubu; za miaka ya karibuni nyingi zina jeti isiyorekebishwa. Kaza skrubu ya chini ya bakuli taratibu hadi iguse (ukilazimisha unaharibu kiti), kisha rudisha mzunguko mmoja na nusu. Ya pembeni, mzunguko mmoja. Washa, acha ipate moto dakika tano, nje, si gereji: moshi wake unaua hata mlango ukiwa wazi. Kwenye mwendo wa juu kaza skrubu ya chini kidogo kidogo mpaka injini iyumbe kwa kukosa petroli, kumbuka pale, fungua mpaka iyumbe kwa kuzidiwa, weka katikati. Kisha iingize kwenye theluji yenyewe. Ikizama kwa mzigo, fungua robo ya robo ya mzunguko. Tyuni iliyokaa vizuri kwenye uwanja mtupu mara nyingi ni nyembamba mno kwa kazi, yaani petroli ni kidogo.

Mdau, Malmö

Msiguse springi ya gavana (kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini) ili kuongeza nguvu, tafadhali. Kikomo ni mizunguko 3,600 kwa dakika. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krank, shafti kuu ya injini) ya Tecumseh ni ya alumini na inazunguka moja kwa moja juu ya krank bila beringi. Ikikatika inatoboa ukuta wa bloku. Pima kwa takometa ya kuzungushia waya wa plagi, bei yake ni ndogo.

Gavana ikiwa imelegea: legeza skrubu ya mkono wake, sukuma mkono upande unaofungua throtoli (kibati cha mwendo kwenye kabureta) kabisa, ushike hapo, zungusha shafti yake upande huohuo hadi igome, kaza.

Na ikikataa kuwaka ikiwa ya moto lakini baridi inawaka, shuku valvu. Zinapokaa chini kwa kulika kwa kiti, nafasi hupungua. HMSK80 inataka inchi 0.010 zote mbili, injini ya baridi, pistoni juu kwenye kubana. Haina skrubu, unasaga ncha ya shina kidogo na kupima tena. Kipimo cha kompresheni kitakudanganya, kwa sababu ina kifaa cha kupunguza mbano wakati wa kuvuta kamba.

Mdau, Edmonton

Nyongeza kwa wenye mashine ndogo za Toro za stroki mbili (oili huchanganywa na petroli): mchanganyiko 50 kwa 1, mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli. Ikipoteza nguvu polepole, toa ekzosi, pandisha pistoni izibe tundu lisije likaingia takataka, kwangua masizi kwa kijiti cha mbao.

Na kwa wote: iendeshe walau dakika kumi kila unapoiwasha. Ukiwasha kidogo na kuzima, mvuke unaganda kwenye bomba la kupumulia krankikesi, presha inasukuma oili kupitia sili ya krank. Oili ikianza kuchuruzika mbele, kagua bomba hilo kwanza kabla ya kununua sili.