Mjomba kaacha dawa za presha eti ana "jeni ya bibi". FOXO3 ni nini hasa?

Binti Ngamiani: Wakuu, salaam. Niko Tanga mjini, Ngamiani. Tunaye bibi mzaa mama. Kitambulisho chake kinasema 1931, ila mwaka huo karani alikadiria tu. Mwenyewe anasema vita ya Hitla inaanza yeye keshavunja ungo. Mpaka leo anakuna nazi kwenye mbuzi na hataki msaada. Dada yake wa Pangani kafa juzijuzi na tisini na ushee. Sasa mjomba katumiwa kwenye simu habari za FOXO3, "jeni ya kuishi sana". Tangu siku hiyo dawa za presha ziko juu ya kabati. Kuna ukweli?

Mtu wa Darubini: Dada, jeni ipo, si uzushi. Ukishiba, insulini inabisha hodi kwenye seli, na protini zinapokezana ujumbe mpaka protini inayotengenezwa na jeni hiyo, nayo huitwa FOXO3, inatolewa nje ya kiini cha seli. Ujumbe ukipungua, kama wakati wa njaa, inarudi ndani na kuwasha jeni za ukarabati: kusafisha takataka za seli, kupambana na sumu za oksijeni. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake kule Marekani walionyesha kuwa mnyoo mdogo wa milimita moja, ukiharibiwa jeni iitwayo daf-2 ya njia hiyohiyo, huishi mara mbili. Lakini lazima daf-16 iwepo, na daf-16 ndiyo FOXO ya mnyoo.

Kwa binadamu, 2008 Bradley Willcox na wenzake walichunguza wanaume wa asili ya Kijapani huko Hawaii: 213 waliofika miaka 95 au zaidi, wakawalinganisha na 402 waliokufa kabla ya 81. Aina fulani ya FOXO3 ilionekana zaidi kwa wale wazee. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaiona kwa wazee wao pia. Ila hiyo ni kuongeza uwezekano, basi. Wapo walionayo wakafa mapema, wapo wasionayo wakazeeka.

Mama Chumbageni: Mwanangu, mimi si mtaalamu, nimeuguza tu. Bibi yako walizaliwa wangapi? Sisi huwahesabu waliobaki barazani, waliozikwa wachanga tunawasahau. Halafu huyo mjomba hakuzaliwa na bibi peke yake. Babu je?

Mtu wa Darubini: Mama kasema. Mtoto huchukua nusu kwa mama, nusu kwa baba, na hata hiyo nusu ya mama ni bahati nasibu. Presha haingoji majibu ya jeni. Azirudie dawa, na aanzie kwa daktari wake, maana kaziacha siku nyingi.

Binti Ngamiani: Nimemuuliza bibi jana akiwa anachambua mchele. Walizaliwa tisa. Watano hawakufika kutahiriwa wala kuchezwa, "homa tu," akasema, akaendelea kuchambua. Na babu alianguka bafuni, kiharusi, hakufika sabini. Mjomba mwaka huu ana sitini na saba. Nilimwambia hivyo hivyo mbele ya bibi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaagiza mtoto amletee kiti, afikie juu ya kabati. Kesho namsindikiza kliniki.